Alumini au Bronzi? Tuulize Kazi Kwanza

Hotuba iliyosomwa kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, siku ya mafunzo ya mafundi na wenye mashine



Tumeombwa tuseme machache juu ya vyuma viwili ambavyo vikundi vyetu vinanunua, vinauza na kuyeyusha bila kuvifikiria sana: alumini na bronzi. Sisi si maprofesa. Ni kikundi cha watu kumi na wanane, akina mama kumi na mmoja na wanaume saba. Tuna kinu cha kukamua miwa kwa ajili ya sukari nguru, na nyuma yake tuna karakana ndogo ya kusubu. Kusubu, kwa wale ambao hawajazoea neno hili, ni kuyeyusha chuma na kukimimina ndani ya kalibu ya mchanga, kikipoa kiwe na umbo unalolitaka.

Yale tutakayosema tumejifunza kwa mikono yetu, na mengine tumejifunza kwa hasara. Basi tuanze na hasara yenyewe, maana ndiyo iliyotuleta hapa.

Siku tisa za bushi ya rahisi

Kinu chetu kina roli tatu nzito. Kila roli ina shafti, na kila shafti inazunguka ndani ya bushi. Bushi ni kile kipande cha mviringo chenye tundu katikati, ambacho hubeba shafti ili isisuguane na mwili wa mashine. Bushi zetu zilikuwa za bronzi. Moja ililika baada ya miaka mingi, roli ikaanza kucheza.

Tulienda mjini kuuliza bei ya bushi mpya. Tuliporudi hakuna aliyetaka kuitamka bei hiyo mkutanoni. Mweka hazina wetu, mama ambaye huhesabu shilingi mara mbili kabla ya kuitoa, akauliza, "Kwani ninyi si mnasubu? Hizo pistoni zilizojaa nyuma ya karakana ni za nini?"

Sote tukaona ni neno la maana. Pistoni kuukuu za magari ni alumini, na alumini tulikuwa tumeizoea. Tukayeyusha, tukamimina, tukapeleka kwa mwenye mashine ya kukereza, ile mafundi huita leti. Bushi ikarudi iking'aa kama fedha. Tukapigiana makofi.

Ilifanya kazi siku tisa. Siku ya kumi, mchana wa jua, kinu kilianza kulia kama nguruwe. Kabla hatujazima injini shafti ilishika, mkanda ukaruka. Tulipofungua tulikuta alumini imejipaka juu ya shafti kama ugali ulioungulia sufuriani, na chini ya ile alumini shafti ina mikwaruzo mirefu. Shafti ambayo haikuwa na shida yoyote! Kuitengeneza upya kuligharimu mara nne ya ile bushi ya bronzi tuliyoikimbia.

Lakini shafti haikuwa hasara kubwa kuliko zote. Majirani walikuwa wameleta miwa yao, imeshakatwa, imelala uwanjani. Miwa iliyokatwa haingoji mtu. Sukari yake huanza kuharibika baada ya siku chache. Tulilazimika kuwalipa kwa kile kilichooza mikononi mwetu.

Mkutano wa jioni hiyo ulikuwa mkali. Wengine walisema mweka hazina ndiye aliyetuponza. Mama wa watu alisimama akasema, "Mimi niliuliza swali. Ninyi mafundi ndio mliojibu." Kimya. Alisema kweli.

Kesho yake tuliichukua ile bushi tukaenda kwa mzee mmoja wa kijiji cha pili, aliyesubu vyuma viwandani miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani. Aliigeuzageuza, akapitisha ukucha ndani ya tundu lake. Akasema, "Watoto wangu, hamkukosea kusubu. Mmesubu vizuri. Mlikosea swali. Mliuliza ni chuma gani kilicho rahisi. Hamkuuliza kazi yake ni nini."

Hilo neno moja ndilo hotuba yetu yote. Yanayofuata ni kulieleza tu.

Kwanza tuelewane majina

Katika lugha yetu neno shaba limebeba mizigo mingi. Waya wa umeme tunaita shaba, mfereji wa manjano tunaita shaba, kengele ya kanisa nayo shaba. Ukienda kununua kwa jina hilo pekee utauziwa chochote. Basi tugawanye:

Shaba nyekundu ni shaba tupu, ile ya waya. Ni laini na nyekundu.

Brasi ni shaba iliyochanganywa na zinki. Rangi yake ni ya manjano. Utaiona kwenye mifereji na kufuli.

Bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati. Rangi yake ni kahawia yenye wekundu kidogo. Bati tunalosema si mabati ya nyumba. Hayo ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki. Bati lenyewe ni chuma cheupe, laini, kinachoyeyuka kwa nyuzi 232 tu. Mafundi wa redio walilitumia pamoja na risasi kwa kuunganisha waya.

Bronzi ya bushi huwa na bati karibu sehemu 10 au 12 katika kila 100, iliyobaki ni shaba. Ukiongeza bati kufikia sehemu 22 hivi unapata bronzi ya kengele: ngumu, yenye sauti inayosikika ng'ambo ya bonde, lakini ukiipiga vibaya inapasuka. Kwa hiyo hata bronzi si moja. Ya kengele haifai kuwa bushi, na ya bushi haitaimba vizuri.

Alumini nayo si moja. Alumini tupu ni laini mno. Ile ya kusubu huchanganywa na silikoni, kitu kinachotolewa katika mchanga mweupe. Pistoni nyingi zina silikoni karibu sehemu 12 katika 100, na ndiyo sababu zinayeyuka na kutiririka vizuri hadi kwenye pembe za kalibu. Fremu za madirisha na waya za alumini hazitiririki hivyo. Makopo ya soda ni membamba mno; sehemu kubwa huungua ikawa takataka zinazoelea juu.

Bronzi imetumiwa na binadamu kwa zaidi ya miaka 5,000. Alumini ni mgeni. Ilianza kupatikana kwa bei nafuu baada ya 1886, njia ya kuitoa kwa umeme ilipogunduliwa. Tusishangae basi kwamba bado hatujaizoea tabia yake.

Uzito na mfuko

Chukua chombo cha lita moja. Kikijaa alumini kina kilo 2.7. Kikijaa bronzi kina kilo 8.8 hivi, zaidi ya mara tatu. Sasa fanya hesabu ya bushi yetu. Upana wa nje ni sentimita 8, tundu ni sentimita 5, urefu ni sentimita 10. Kwa alumini ni karibu gramu 830. Kwa bronzi ni karibu kilo 2 na gramu 700. Na kila kilo ya bronzi ni ghali kuliko kilo ya alumini. Kwa hiyo unalipa mara mbili: uzito zaidi na bei zaidi kwa kila kilo. Hapo ndipo tulipoangukia sisi. Hesabu hiyo tuliiona, tukafunga kitabu.

Lakini uzito si ubaya daima. Kitu kinachobebwa au kuzungushwa, wepesi ni faida. Kitu kinachokaa mahali pamoja kikibeba mzigo, uzito haudhuru.

Moto

Alumini tupu huyeyuka kwa nyuzi 660. Ile ya pistoni huanza kuyeyuka mapema zaidi, karibu nyuzi 577. Ndiyo sababu makaa, feni ndogo na tanuri la udongo vinatosha. Pia ndiyo sababu sufuria iliyosahauliwa motoni bila maji hutoboka. Bronzi ya bushi inataka nyuzi 1,000 hivi ndipo iyeyuke yote, na kuimimina inataka 1,100 au zaidi. Hapo makaa yanakwenda, feni inalia, na chungu cha kuyeyushia lazima kiwe cha kuhimili moto huo. Kipande cha bomba la chuma kilichozibwa chini kinaweza kutumika kwa alumini kwa muda, ingawa alumini nayo inakilamba polepole. Kwa bronzi usithubutu.

Kuna tofauti nyingine ambayo imewachoma wengi. Bronzi ikiyeyuka inawaka rangi ya machungwa, hata mtoto anaogopa. Alumini iliyoyeyuka mchana inaonekana baridi kama maziwa, na bado ina nyuzi 700. Vyuma vyote viwili havitaki maji hata tone. Kipande chenye unyevu kikitumbukizwa ndani ya chungu, maji yanageuka mvuke ghafla na chuma kinaruka usoni. Kila kipande kikaushwe kwanza ukingoni mwa tanuri. Viatu viwe vya ngozi. Malapa na viatu vya plastiki vibaki nyumbani.

Moto una jambo la tatu, nalo ni kutanuka. Vyuma vyote hutanuka vikipata joto, lakini si sawa. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kawaida. Bronzi, mara moja na nusu. Sasa fikirieni bushi ya alumini iliyopigiliwa ndani ya mwili wa chuma. Ikipata joto inataka kutanuka, lakini nje imezuiwa. Itakwenda wapi? Inarudi ndani na kuikaba shafti. Ikikaba, msuguano unaongezeka. Msuguano ukiongezeka, joto linaongezeka. Joto likiongezeka, inakaba zaidi. Ndiyo ile sauti ya nguruwe tuliyoisikia siku ya kumi.

Kusuguana: hapa ndipo kesi inapoamuliwa

Mzee alitueleza hivi. Ukiikata bronzi ya bushi ukaitazama kwa kioo chenye nguvu, utaona punje ngumu zimekaa ndani ya sehemu laini zaidi, kama kokoto kwenye udongo. Punje ngumu zinabeba mzigo. Sehemu laini inalika kidogo na kuacha nafasi ya mafuta. Tena bronzi haipendi kushikamana na chuma. Hata grisi ikipungua kidogo, inakuvumilia mpaka uone.

Alumini ina ngozi nyembamba sana juu yake, inayotokea mara tu inapoguswa na hewa. Ngozi hiyo ndiyo inayoilinda isioze. Lakini chini ya mzigo mzito ngozi inavunjika, na alumini tupu iliyo chini inashikana na chuma mara moja. Na vumbi la ile ngozi mnajua ni nini? Ni kitu kilekile kinachowekwa juu ya karatasi ya msasa! Kwa siku tisa tulikuwa tunaisugua shafti yetu kwa msasa tukidhani tunakamua miwa.

Tusiseme uongo: viwandani kuna bushi za injini zinazotengenezwa kwa alumini iliyochanganywa na bati, na zinafanya kazi vizuri kwa sababu mafuta yanasukumwa ndani yake wakati wote. Hiyo siyo pistoni iliyoyeyushwa nyuma ya karakana. Roli ya kinu inakwenda polepole, inabeba mzigo mkubwa, na grisi yake hutegemea mtu kukumbuka. Hiyo ni kazi ya bronzi.

Maji, magadi na chakula

Katika hewa ya kawaida alumini hudumu vizuri. Bronzi nayo hubadilika rangi tu. Taabu huanza mambo mawili yanapokutana.

La kwanza ni maji. Ukiunganisha alumini na bronzi mahali penye maji, hasa maji ya chumvi, mmoja anamla mwenzake. Anayeliwa ni alumini. Usifunge valvu ya bronzi kwenye mwili wa pampu wa alumini halafu ukaenda kulala. Kama ni lazima, weka mpira katikati ili visigusane.

La pili ni magadi. Akina mama wanajua: ukipika kunde au maharagwe kwa magadi ndani ya sufuria ya alumini, sufuria inageuka nyeusi. Si uchafu huo. Magadi yanaila ile ngozi inayoilinda alumini, na kidogo cha alumini kinaingia mbogani. Chungu cha udongo ni bora kwa mboga hiyo. Bronzi pia si ya kupikia kitu kichachu, maana asidi huitoa shaba na kuiingiza katika chakula. Na usiiweke karibu na mbolea ya amonia; inaidhuru.

Jambo zito kuliko yote ni risasi. Bushi nyingi kuukuu za bronzi zina risasi ndani, iliyotiwa makusudi ili ziteleze vizuri. Alumini ya kuokoteza nayo inaweza kuchanganyika na vipande vyenye risasi. Watafiti waliopima masufuria yaliyosubiwa kwa vyuma kuukuu huko Kameruni, matokeo yakatolewa mwaka 2014, walikuta risasi ikitoka kwenye sufuria na kuingia katika chakula. Risasi haina ladha wala harufu. Inaharibu akili ya mtoto polepole bila homa ya kukuonya. Kenya tunaujua uchungu huo: wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa waliumizwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Fedha hizo haziwezi kumrudishia mtoto kilichoharibika.

Kwa hiyo sisi tuliamua mambo mawili. Hatusubu sufuria wala kijiko kwa vyuma vya kuokoteza, hata mtu akitubembeleza. Na kwenye kinu tumeweka ngao ya bati jembamba kati ya bushi na mahali maji ya miwa yanapopita, ili grisi na chembe za bushi zisifike huko.

Kutambua kwa mizani na ndoo

Utajuaje umeuziwa nini? Macho hudanganya, hasa kipande kikiwa na mafuta na kutu. Kwanza tumia sumaku: ikinasa, kuna chuma cha kawaida. Kisha kwaruza kwa tupa uone rangi ya ndani. Halafu tumia maji.

Pima kipande kwa mizani ya kuning'iniza. Kisha kitumbukize, kikiwa bado kinaning'inia kwa uzi, ndani ya ndoo ya maji bila kugusa chini, upime tena. Uzito wa kwanza ugawanye kwa kile kilichopungua. Kwa mfano, kipande kina gramu 880, majini kinasoma gramu 780. Kimepungua gramu 100. Gawanya 880 kwa 100, ni 8.8. Hiyo ni ya jamii ya bronzi. Alumini itakupa 2.7 hivi. Kabureta kuukuu zinafanana na alumini kwa rangi, lakini nyingi zina zinki na zitakupa karibu 6.6 au 7. Ukizitupa ndani ya chungu cha alumini umeharibu chungu kizima.

Brasi hutoa 8.4 au 8.5, karibu sana na bronzi, na mizani ya kijijini haiwezi kuzitenga. Hapo tegemea rangi ya manjano. Ikifika motoni ikaanza kutoa moshi mweupe mzito, hiyo ni zinki. Ondokeni upande wa moshi; ukiuvuta, usiku utatetemeka kama mwenye malaria.

Na mkumbuke hili: vyungu viwili tofauti, cha alumini na cha bronzi. Alumini kidogo tu ikiingia ndani ya bronzi ya bati huiharibu, ikatoka na vitundu vinavyovuja. Msichanganyikiwe mkisikia kuna bronzi ya alumini inayotumika kwenye meli. Hiyo ni aina nyingine, na hupimwa kiwandani.

Tulisubu bronzi wenyewe?

Ndiyo, lakini si mara ya kwanza. Bushi ya kwanza ya bronzi ilitoka na matundu kama mandazi. Mzee alicheka, akatueleza. Alumini ya pistoni huganda karibu yote kwa pamoja. Bronzi hupita katika hali ya uji, kuanzia nyuzi 1,000 hivi mpaka 830 hivi. Wakati huo inasinyaa, na kama haina pa kunyonya chuma kingine, inabaki na vitundu ndani. Unatakiwa kuacha juu ya kalibu kichwa kinene cha chuma, ambacho kitaganda mwisho na kuilisha bushi. Kichwa hicho hukatwa baadaye na kuyeyushwa tena. Pia chuma kifunikwe kwa unga wa makaa makavu kikiwa chunguni, kisinywe hewa. Alumini yenyewe hunywa gesi kutoka katika unyevu. Usiichemshe kupita kiasi wala kuikorogakoroga.

Mfano wa mbao uwe mkubwa kidogo kuliko kitu unachotaka: kwa alumini ongeza karibu milimita 13 katika kila mita, kwa bronzi karibu 15, tena uache nyama ya kukereza.

Bushi ya pili ilikubali. Mpaka leo imo ndani ya kinu, na msimu wa tatu umekwisha.

Na wapi alumini inashinda?

Tusije tukaionea alumini. Baada ya aibu yetu, mwenye kinu cha posho alitujia akitaka puli, maana yake ya zamani ilipasuka. Tuliuliza kazi kwanza. Puli inazunguka haraka: wepesi ni faida. Inafungwa kwenye shafti kwa skrubu na kuzunguka pamoja nayo: haisuguani nayo. Mkanda ni wa mpira. Joto ni kidogo. Tukamsubia puli ya alumini kutoka pistoni zilezile, na mpaka leo anasaga. Tumesubu pia vifuniko vya mashine, mikono ya milango na magurudumu ya toroli. Kwa gurudumu la toroli tunasubu alumini na katikati tunaweka bushi ndogo ya bronzi, kwa kuwa hapo ndipo penye msuguano. Haya ni matumizi ya akili: kila chuma mahali pake. Toroli ikikaa majini, mnakumbuka tuliyosema: ikaushwe.

Neno juu ya kununua

Bronzi ni ghali, na kitu ghali huvuta mkono mrefu. Akija kijana usiku na bushi mpya au kipande cha mita ya maji, jiulize kisima cha nani kimenyamaza. Sheria ya mwaka 2015 inamtaka kila mfanyabiashara wa vyuma chakavu awe na leseni. Januari 2022 serikali iliisimamisha biashara hiyo yote kwa sababu ya wizi wa vyuma vya minara ya umeme, ikaifungua tena Mei mwaka huohuo. Nunueni kwa mwenye leseni, na mwandike katika kitabu: tarehe, uzito, jina la muuzaji.

Maswali matano ya kubandika ukutani

Tumeyaandika kwa chaki mlangoni mwa karakana yetu, na hakuna moto unaowashwa kabla hayajajibiwa:

1. Kitasuguana na nini? Kikisuguana na shafti chini ya mzigo, ni bronzi.
2. Kitabebwa au kuzungushwa haraka? Kama ndiyo, na hakisuguani, alumini inafaa.
3. Kitapata joto kiasi gani? Alumini hulegea mapema, na hutanuka zaidi.
4. Kitakaa na nini? Angalia maji ya chumvi, magadi, mbolea, na chuma cha aina nyingine.
5. Kitagusa chakula au maji ya kunywa? Kama ndiyo na hujui chuma kilikotoka, acha.

Swali la bei huja la sita. Linakuja, hatulifukuzi. Mweka hazina wetu bado anahesabu shilingi mara mbili. Lakini siku hizi, kabla ya kuitoa, anatugeukia na kusema, "Mafundi, kazi yake ni nini?" Na sisi tunajibu kwa heshima, maana tunakumbuka miwa iliyolala uwanjani.

Ya kujadili katika kikundi chenu

Je, katika mashine zenu ni sehemu gani zinazosuguana, na ni nani anayekumbuka kuzitia grisi? Mara ya mwisho kitu kilipovunjika, ni nani aliyelaumiwa, na je, alistahili? Kuna chombo gani nyumbani mwenu ambacho hamjui chuma chake kilitoka wapi?

 Anayetaka kuiona ile bushi ya alumini, tumekuja nayo. Imo ndani ya kikapu. Pitisheni ukucha ndani ya tundu lake, mtaelewa kuliko hotuba.